Wakili na hakimu wa Dar: uanze na kinga ipi?

Jumamosi moja nilikwenda Goba kumwona rafiki niliyesoma naye sheria. Yeye sasa ni hakimu, mimi ni wakili wa kujitegemea, na kwake nilikuwa sijawahi kufika. Nashuka kituoni, simu yake haipatikani. Kijana wa bodaboda akasogea. Nikaanza kumweleza kwamba nyumba ina geti la bluu, iko mbele kidogo ya kanisa, lakini hakusubiri nimalize.

"Dada, si unaenda kwa hakimu? Panda, buku tu."

Akanishusha getini, akapiga honi mwenyewe, akamwita dada wa kazi kwa jina lake.

Ndani, rafiki yangu alikuwa na furaha ya kufungiwa kamera nne za ulinzi. Alinionyesha kwenye simu jinsi anavyoliona geti lake akiwa kazini. Na kweli nilijiona pale, nikishuka kwenye pikipiki, yule kijana akitaniana na dada.

Zile kamera ndizo zilizonifanya niandike haya. Wakili au hakimu wa Dar akitaka kujilinda leo atauziwa vitu vingi: kamera, fensi ya umeme, programu za kupambana na virusi, mlinzi wa kampuni, simu ya bei mbaya. Vingi vina kazi yake. Ila kabla ya kutoa hela yajibu maswali mawili. Mtu akinitaka ananipataje? Na mtu akitaka kujifanya mimi atawezaje? Nimegundua kwamba maswali hayo hujibiwa na vitu vya bei ndogo. Kamera inajibu jingine kabisa: ni nani alikuja.

Wakili na hakimu hawatafutwi na mtu yuleyule

Tuanze na wakili. Sheria ya Mawakili inataka nyaraka tunazoandaa zibebe jina na anwani ya aliyeziandaa, na kwa mazoea wengi wetu tunaongeza namba ya simu na barua pepe pale chini. Nakala inapelekwa kwa upande wa pili. Kwa hiyo mtu mwenye hasira kuliko wote na wewe ana namba yako mkononi, tena juu ya karatasi yenye mhuri wa mahakama. Jina lako pia linatafutika kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili. Huwezi kujificha, na kazi yenyewe haikuruhusu. Anayemtafuta wakili kwa kawaida anatafuta fedha za wateja au karatasi zao. Aliyeshindwa kesi yupo pia, na usimsahau mteja wako mwenyewe aliyeshindwa. Huyo anajua hata ofisi yako ina viti vingapi.

Hakimu anatafutwa yeye mwenyewe. Hukumu zinawekwa TanzLII, tovuti ya wazi ya hukumu, zikiwa na jina la aliyeziandika, kila mtu anasoma, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Hapo pana tofauti ambayo mazungumzo ya usalama wa majaji huipita haraka. Jaji wa Mahakama Kuu ana gari na dereva. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anaweza kutoka saa kumi jioni akasimama kituo kimoja na mtu aliyemwamuru asubuhi alipe fidia, wakagombania daladala moja, wakasimama wameshika bomba moja. Ukinipa fedha za ulinzi wa mahakama nigawe, nitaanza na huyu.

Matukio ya kujifunzia yapo. Julai 19, 2020, huko New Jersey nchini Marekani, mtu aliyejifanya mpeleka vifurushi alifika nyumbani kwa Jaji Esther Salas, akamuua kwa risasi mwanawe Daniel Anderl, kijana wa miaka 20, na kumjeruhi mume wake. Muuaji alikuwa wakili aliyewahi kuwa na shauri mbele ya jaji huyo, na alikuwa ameshakusanya habari zake, anwani ya nyumbani ikiwemo. Desemba 2022 Marekani ilipata sheria yenye jina la kijana huyo, inayowawezesha majaji wa shirikisho kuondolewa anwani zao mtandaoni. Kule kuna kampuni zinazouza anwani za watu. Kwetu kampuni hizo hazihitajiki, kijiwe cha boda kipo.

Jirani zetu Nairobi, Juni 13, 2024, hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa mahakamani Makadara, baada ya kutoa uamuzi kuhusu dhamana. Aliyempiga alikuwa afisa wa polisi, na mshtakiwa alikuwa mke wake. Kivuti alifariki baadaye. Ukaguzi wa getini haumzuii mtu ambaye kazi yake inamruhusu kupita na silaha.

Na hapa kwetu, usiku wa kuamkia Agosti 26, 2017, ofisi za mawakili wa IMMMA pale Upanga zililipuliwa. Siku 12 baadaye, Septemba 7, Tundu Lissu, wakati huo rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, alipigwa risasi nyingi Dodoma. Nakumbuka baada ya hapo kila ofisi ya wakili mjini ilizungumzia kamera. Sikusikia nyingi zikiuliza kama nakala za majalada ya wateja ziko sehemu nyingine nje ya jengo.

Laini ya simu kwanza

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa mahakamani Kisutu, benchi la nje, shauri langu la tatu kwenye orodha ya siku. Ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa wakili ninayemfahamu vizuri: "Msomi, nimekutumia namba sita kwa makosa, nirushie niingie kikaoni." Namba sita kweli zilikuwa zimeingia kwa SMS. Nilikuwa nasoma kiapo kinzani, akili haikuwepo, nikazirusha. Kumbe zilikuwa namba za kufungulia akaunti yangu ya WhatsApp; msomi mwenzangu alikuwa ameshaibiwa ya kwake tangu asubuhi, na mimi nikawa wa pili. Nilipotoka ndani baada ya kama dakika 40 nilikuta simu 11 ambazo hazijapokelewa. Mteja wangu wa Kariakoo alikuwa ameshamtumia "wakili wake" laki tatu za "ada ya kufungua shauri". Mama mmoja wa Temeke aliniuliza kwa upole: "Wakili, mbona leo unaandika kihuni?" Huyo aliokoka kwa sababu anajua siandiki "xaxa". Zile laki tatu nilizirudisha mimi.

Siku ile nilijifunza kwamba ukiisajili upya namba yako kwenye WhatsApp kwa namba sita mpya, mwizi anatupwa nje palepale. Lakini kama amewahi kuweka PIN ya hatua ya pili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, wewe mwenyewe utasubiri siku 7 ndipo uingie. PIN ile ni bure na inawekwa kwa dakika moja. Sikuwa nimeiweka.

Ipo njia nyingine ambayo haihitaji namba sita. Unapigiwa na "huduma kwa wateja", unaambiwa ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani ili "kuhakiki laini". Ukibonyeza, simu zako zote zinahamia kwake, na WhatsApp ikipiga kusoma namba ya uthibitisho inampigia yeye. Bonyeza *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa pengine, na ##002# kufuta kila uelekezaji.

Halafu kuna laini yenyewe. Tunasajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na hilo limepunguza mchezo, lakini mtu akifanikiwa kurenew laini kwa jina lako kupitia wakala asiye mwaminifu, kila SMS ya benki na ya barua pepe inaingia kwake. Piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ifungwe siku hiyohiyo. Na weka PIN ya laini, ile ambayo simu inakuuliza ikiwashwa. Vibaka wa pikipiki wanaokwapua simu dirishani kwenye foleni wanachomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, na hapo neno la siri la simu yako linakuwa halina maana tena. Ukikosea PIN hiyo mara tatu utaulizwa PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, basi kadi ya laini uliyopewa siku ya kusajili usiitupe.

Kinachofuata ni kufuli la pili: kitu unachoulizwa baada ya nywila unapoingia kwenye barua pepe au mafaili ya ofisi. Yapo ya aina tatu, na huo ufunguo wa mwisho ni kifaa kidogo unachochomeka kwenye simu au kompyuta.

| | Namba kwa SMS | Programu inayozalisha namba | Ufunguo wa usalama wa kuchomeka |
|---|---|---|---|
| Aliyeiba laini yako | Anaingia | Haingii | Haingii |
| Anayekulaghai umtajie | Anaingia | Anaingia, ukimtajia | Hakuna namba ya kutaja |
| Ukipotea au kuibiwa | Unarenew laini | Unatumia namba za akiba ulizochapisha | Unatumia ufunguo wa pili |
| Gharama | Bure | Bure | Kama dola 30 kila mmoja, na uwe nazo mbili |
| Anayefaa | Asiye na kingine | Wakili mwenye ofisi ndogo | Hakimu, jaji, wakili wa kesi nzito |

Mwaka 2019 Google walitoa utafiti walioufanya pamoja na vyuo vya New York na California. Dhidi ya mashambulizi yanayomlenga mtu maalumu, namba ya SMS ilizuia asilimia 76, kubonyeza "Ndiyo" kwenye simu yako mwenyewe kukazuia asilimia 90, na katika kundi lililotumia ufunguo hakuna aliyeingiliwa. Angalia maneno "anayelenga mtu maalumu". Tapeli wa kawaida anarusha nyavu popote, na SMS inamtosha. Mwenye kesi ya kiwanja cha Mbweni mbele yako hajarusha nyavu. Anakujua.

Ushauri wangu: kwa barua pepe, wakili aache SMS leo ahamie kwenye programu, achapishe namba za akiba aziweke kabatini na hati zake. Hakimu anunue funguo mbili, moja kwenye funguo za gari, nyingine nyumbani. Dola 60 ni hela, najua. Kamera nne ni hela zaidi.

Namba moja au mbili?

Mbili. Sioni cha kubishania hapa. Ya ofisi iende kwenye nyaraka za mahakama, kadi za biashara, e-Wakili na vikundi. Ya pili wajue ndugu, benki na shule ya watoto, na akaunti zote muhimu ziunganishwe na hiyo. Ya ofisi ikae kwenye simu ndogo mezani kwa karani ikiwezekana, ipokelewe saa za kazi, ilale saa za kulala. Mawakili wanawake wenzangu hawahitaji kuambiwa kwa nini; ile "umelala?" ya saa tano usiku kutoka kwa mdaawa wa upande wa pili tunaijua.

Kwa hakimu kuna mtego mwingine: kikundi cha michango ya harusi. Mpwa anaoa, shangazi anaongeza watu 200, namba yako inaonekana kwa wote, na kati yao wapo mawakili watatu wanaofika mbele yako, mmoja ameshatangaza kwa sauti kwamba "mheshimiwa wetu ametoa laki mbili, na mimi naweka tatu". Usalama na maadili vinaharibika pamoja. Kwenye faragha za WhatsApp kuna mahali pa kuchagua nani anaweza kukuongeza kwenye makundi. Chagua watu walio kwenye simu yako tu. Mchango mpe shangazi mkononi.

WhatsApp, Signal, barua pepe

Ningependa kusema hamieni Signal, programu nyingine ya ujumbe, tumalize. Mwaka 2016 mahakama nchini Marekani ilipowaamuru Signal watoe taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe ya kufungua akaunti na mara ya mwisho kuunganishwa, basi. Tangu 2024 unaweza pia kutumia jina badala ya namba, yaani mtu anawasiliana na wewe bila kuijua simu yako. Kwa hakimu hilo peke yake lina thamani.

Lakini mteja wangu muuza samaki wa Feri hatapakua programu mpya ili azungumze na mimi. Yeye yuko WhatsApp, na ujumbe wa WhatsApp wenyewe umefungwa pande zote mbili tangu 2016, hata kampuni haiusomi. Shida iko pembeni. Nakala ya akiba inayokwenda Google Drive au iCloud haijafungwa mpaka wewe uifunge kwa nywila yake, kitu kinachowezekana tangu 2021. Na vile vifaa vilivyounganishwa: fungua orodha hiyo sasa hivi. Mimi nilikuta kompyuta ya steshenari ya jirani na mahakama bado imeunganishwa, wiki tatu tangu nichapishe hapo.

Kwa hiyo naamua hivi. Wateja wa kawaida wabaki WhatsApp, yenye PIN na nakala ya akiba iliyofungwa. Mawakili mnaoshirikiana kesi nzito, na mahakimu kati yao, watumie Signal na ujumbe unaojifuta. Hapo kuna angalizo: maelekezo ya mteja yasijifute, kwa sababu siku akikukana utayahitaji. Barua pepe ibaki kwa nyaraka rasmi, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kufuli zito kuliko zote, maana mwenye barua pepe yako anaweza kubadili nywila za kila kitu kingine.

Ujumbe wa "akaunti yetu ya benki imebadilika" usiuamini kwa njia yoyote kati ya hizo tatu. Piga simu kwa namba unayoijua ya zamani, usikie sauti. Sisi ofisini tuna neno la kienyeji ambalo karani huniuliza kabla ya kutuma hela yoyote. Siliandiki hapa, ila linahusu pweza.

Steshenari au printa yako

Mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa mashauri umetupunguzia foleni za masijala, ukatuongezea foleni za steshenari. Unachapisha, unasaini, unapiga mhuri, unaskani, unapakia. Nimeona kwa macho yangu wakili akimtajia kijana wa steshenari nywila yake ya mfumo ili amsaidie kupakia, yeye akaenda kunywa chai. Kijana aliiandika kwa kalamu kwenye kava la rimu ya karatasi. Ilikuwa chini ya nywila nyingine nne.

Steshenari ni rahisi, iko karibu, na printa yao haigomi asubuhi ya siku ya mwisho kuwasilisha. Printa ndogo yenye skana ni gharama ya mara moja na wino usioisha kukera. Kama unafungua hata mashauri mawili kwa mwezi, nunua printa. Kama huwezi, nenda steshenari na flashi yenye nyaraka hiyo moja tu, usifungue WhatsApp wala barua pepe yako kwenye kompyuta yao, simama hapohapo mpaka faili lifutwe hadi kwenye kapu la taka la kompyuta, na nywila ya mfumo iingize mwenyewe, kwa simu yako na bando lako. Wi-Fi ya mgahawa iache kwa ajili ya mpira. Ukifikiria VPN, programu inayoficha mawasiliano yako ya mtandaoni, kumbuka tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 lililotaka wanaozitumia watoe taarifa zao. Lisome kwanza kabla hujaweka.

Na kuziba maneno kwa kuchora mstari mweusi juu yake hakuyafuti. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort huko Marekani waliwasilisha nyaraka ya namna hiyo, waandishi wakanakili maandishi ya chini ya wino wakayasoma yote. Chapisha, ziba kwa kalamu nzito, skani upya.

Kwenye viapo vilevile, "mkazi wa Dar es Salaam" inatosha. Sijui tunaandika mtaa na namba ya nyumba ya mteja kwa faida ya nani, wakati nakala inakwenda kwa yule anayemkimbia.

Kabati, diski au wingu

Mafaili yaliyo kwenye kompyuta moja ofisini yanaondoka na mwizi mmoja, moto mmoja au bomba moja la maji la ghorofa ya juu. Wingu, yaani kuhifadhi mafaili mtandaoni, halina shida hiyo, ila linataka bando na intaneti iliyo hai. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika tukakaa karibu gizani, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kabisa. Mwenye kila kitu juu hakuwa na kitu. Mimi naweka wingu lenye kufuli la pili, pamoja na diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, ambayo nakaa nayo nyumbani na kuifanyia nakala kila Ijumaa. Kompyuta mpakato nayo ifungwe diski yake nzima. Windows ya Pro ina BitLocker ya kazi hiyo, simu mpya zinafanya hivyo zenyewe. Programu ya virusi iliyokuja na Windows inatosha wengi wetu, usinunue nyingine.

Tukiacha hofu, kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo ofisi ya wakili inakusanya taarifa za watu kama mtu mwingine yeyote. Jalada la talaka likivuja, "nilikuwa na haraka" si utetezi ambao ningependa kuuandika.

Nyumbani na njiani

Kwa anayepanga, nyumba peke yake au fleti? Nyumba yenye ua wake, Goba, Mbezi au Tegeta, ina hewa na nafasi, na majirani wanaojua mgeni ni nani. Wanajua na wewe ni nani. Fleti ya Upanga au Kijitonyama ina geti moja na mlinzi mmoja, hakuna anayejali kazi yako. Kwa hakimu, hasa anayekaa peke yake, nachagua fleti. Ila angalia daftari la wageni pale getini. Linakaa wazi mezani, na kwenye moja nilisoma, nikiwa naandika jina langu: "Anakwenda kwa: Mh. Hakimu 3B". Kurasa kumi nyuma zina majina na simu za kila aliyemtembelea. Mwambie mlinzi aandike 3B tu.

Mlinzi wa kampuni ana sare na msimamizi, lakini anabadilishwa kila mara, na kila anayeondoka ameshajua unatoka saa ngapi. Mlinzi wako mwenyewe anakujua mpaka kikohozi chako, na siku ukichelewesha mshahara kijiwe kizima kinajua. Bado nachukua wa kwangu, nimlipe kwa tarehe, na nimtambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Fensi ya umeme isiyo na betri ni waya tu umeme ukikatika. Vifurushi vipokelewe ofisini au getini, na usiyemtarajia asifunguliwe mlango wa ndani hata akiwa na pilau ya moto.

Barabarani, bajaji ya mtu unayemjua ni ya kuaminika mpaka siku atakapoulizwa unakaa wapi. Programu ya kuita gari inakuwezesha kumtumia ndugu safari yako aifuate, lakini inahifadhi anwani. Weka alama ya kushukia dukani, kona moja kabla. Hakimu anayetegemea daladala abadili kituo siku ya hukumu nzito, hata kwa kutembea dakika kumi kwenda kituo cha pili, na ikiwezekana atoke na mwenzake.

Stika ya "Wakili" kwenye kioo cha gari inasaidia kwa trafiki na kwenye maegesho ya mahakama. Usiku pale nje ya duka la dawa inamwambia kila mpita njia kwamba kuna kompyuta na majalada kwenye buti. Mimi nimeiweka kwenye kipande cha plastiki, naitoa nikifika mahakamani, narudisha kwenye droo nikitoka.

Kitisho kikishafika

SMS za utapeli zirushe kwenda namba 15040 ya TCRA, zinafungiwa. Kitisho cha kuumizwa ni jambo jingine: nenda kituo cha polisi upate RB, namba ya taarifa yako kwenye daftari lao, au 112 kama mtu yuko mlangoni, na hakimu amweleze Hakimu Mfawidhi wake kwa maandishi siku hiyohiyo, wakili akiarifu chama. Kupiga picha ya kioo ni vizuri. Kubaki na ujumbe wenyewe ndani ya simu iliyoupokea ni bora zaidi, kwa sababu sisi wenyewe ndio tunaowapinga wenzetu mahakamani tukiuliza ushahidi wa kielektroniki umetoka kwenye kifaa gani na nani alikuwa nacho.

Rafiki yangu wa Goba aliwahi kuandikiwa saa nane usiku kwamba shule ya mwanawe inajulikana. Aliusoma mara mbili, mikono ikatetemeka, akaufuta na kuifungia namba ili asiuone tena. Asubuhi, kaunta ya polisi, afisa wa zamu akamuuliza: "Mheshimiwa, namba iliyotuma ni ipi?" Alitoa simu, akaishika tu.

Sasa ana daftari dogo la kaunta kwenye mkoba. Tarehe, saa, namba, maneno yalivyoandikwa, namba ya RB. Mpaka jana lilikuwa limejaa kurasa mbili.